Mshamba Mwenye Mandolini

(Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi jioni mjini Nakuru, kwenye mkutano wetu wa wapenzi wa muziki wa kantri, kuhusu Homer na Jethro, wachekeshaji wawili wa Marekani waliogeuza nyimbo za watu. Waliokosa kufika waliomba niyaweke yote hapa. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.)

Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana mliokuja mkidhani kuna bendi: hamjambo?

Nasema hamjambo? Maana jibu la kwanza limetoka safu mbili za mbele tu.

Nianze kwa swali. Ni nani hapa ambaye nyumbani kwao hapakuwa na Jim Reeves, yule mwimbaji wa kantri wa Marekani? Inua mkono, usione haya. Naona mkono mmoja. Mzee, kwenu mlisikiliza nini? Nyimbo za Injili? Basi na wewe umo, maana Jim Reeves aliimba hata hizo. (Kicheko.)

Baba yangu alikuwa na santuri moja ya Jim Reeves. Aliifuta kwa kitambaa kilekile cha kufutia miwani, na sisi watoto hatukuruhusiwa hata kuipumulia. Katikati ya santuri palikuwa na picha ya yule mbwa wa kampuni ya santuri ya RCA Victor, ameinamisha kichwa, anasikiliza gramafoni. Nilimwonea wivu mbwa yule, kwa sababu yeye alikuwa karibu na sauti kuliko mimi.

Sasa, ndani ya kampuni hiyo ya yule mbwa, kule Nashville, mji wa muziki wa kantri Marekani, aliyesimamia kazi ya Jim Reeves studio alikuwa mpiga gitaa anayeitwa Chet Atkins. Wapiga gitaa mliopo hapa mnamjua, nawaona mnatikisa vichwa. Chet Atkins alimwoa binti mmoja, Leona Johnson. Leona alikuwa na pacha wake, Lois. Na Lois aliolewa na mchekeshaji mmoja mpiga mandolini, ile ala ya nyuzi iliyo kama gitaa dogo. Yaani Chet na mchekeshaji huyo walikuwa wanyumba. Mmoja alimtengenezea Jim Reeves zile nyimbo laini zilizowatoa baba zetu machozi. Mwingine alizichukua nyimbo laini za watu, akazivua viatu, akazipitisha matopeni, na kampuni ileile ikaziuza.

Jioni hii nimekuja kumzungumzia huyo wa pili pamoja na mwenzake. Homer na Jethro.

Mji wa Knoxville uko mashariki ya jimbo la Tennessee, Marekani, karibu na milima ya Appalachia. Mwaka 1936 palikuwa na vijana wawili pale, wote wazaliwa wa 1920, wakipiga muziki katika redio ya WNOX. Henry Haynes alishika gitaa. Kenneth Burns alishika mandolini. Walikuwa wakipiga nini? Msiseme kantri. Walikuwa wakipiga swingi, jazi ya mjini! Shujaa wao alikuwa Django Reinhardt, mpiga gitaa wa Paris. Vijana wa chini ya mlima wa Tennessee, masikio yao yako Paris.

Nyuma ya jukwaa walikuwa na mchezo wao. Wangechukua wimbo wa mapenzi unaovuma, wimbo wa suti na maua, wakauimba kwa sauti ya puani kama watu wa milimani, nyuso zimekauka, hakuna anayetabasamu. Waliowazunguka walicheka hadi kushika mbavu. Siku moja mkurugenzi wa vipindi, Lowell Blanchard, alikuwa hewani akitaka kuwatambulisha, na majina yao ya jukwaani yakampotea kichwani. Akawaita kwa yaliyomjia: Homer na Jethro. Haynes akawa Homer, Burns akawa Jethro. Kwa masikio ya Wamarekani wa siku zile, majina hayo yalinuka zizi. Waliyabeba hadi kufa.

Hebu tutulie hapa kidogo, kwa sababu utani huu una mambo chini yake.

Mwaka huohuo wa 1936, kaskazini ya Knoxville, serikali ya Marekani ilimaliza kujenga bwawa la Norris. Lilileta umeme, ni kweli. Lakini familia zaidi ya 2,800 zilihamishwa kupisha bwawa hilo, watu wa mabonde waliozikwa babu zao palepale. Makaburi nayo yalihamishwa. Wengi wa watu wa milimani walikuwa wakishukia mjini kutafuta kazi za viwandani. Na mjini walikuwa wamewekewa jina tayari: hillbilly. Mtu wa mlimani, asiyevaa viatu, asiyejua kitu.

Jina hilo liliingia kwenye muziki kwa mlango wa ajabu. Mwaka 1925 kundi moja kutoka milima ya Virginia na North Carolina lilikwenda New York kurekodi kwa Ralph Peer, mtayarishaji wa santuri. Peer akawauliza, nyinyi mnaitwaje? Kiongozi wao, Al Hopkins, akajibu kwamba wao ni kundi la mahillbilly tu, awaite apendavyo. Akaandika hivyo: The Hill Billies. Inasimuliwa kwamba mmoja wa wenzao aliona haya kurudi nyumbani, maana kwao neno lile lilitosha kuanzisha ngumi. Lakini jina lilishika, na kwa miaka mingi muziki wote wa aina hiyo ukaitwa hivyo madukani. Gazeti la Billboard lilianza kutumia jina la kantri na westani mwaka 1949.

Je, sisi hatuna neno hilo? Tunalo! Mshamba. Yeyote aliyewahi kushuka basi akiwa na kuku kwenye kikapu analijua neno mshamba. Mimi nilipofika Nairobi mara ya kwanza, nilisimama mlangoni mwa matatu, nikampa kondakta mkono, nikamwuliza habari za nyumbani. Matatu zima lilicheka. Nikasimama pale mkono uko hewani. Mpaka leo najiuliza, kati yangu na lile matatu, ni nani aliyekosa adabu?

Basi Homer na Jethro walilichukua tusi hilo wakalivaa kama koti. Hawakuwa peke yao. Kulikuwa na Minnie Pearl, yule mama wa Grand Ole Opry, kipindi cha redio cha kantri cha Nashville, aliyevaa kofia ya nyasi yenye maua, na kikaratasi cha bei kinaning'inia: dola 1 na senti 98. Watu walidhani ni mwanakijiji aliyesahau kung'oa bei. Huyo alikuwa Sarah Ophelia Colley, baba yake mfanyabiashara wa mbao mwenye uwezo, naye mwenyewe alisomea maigizo chuoni Nashville. Umshamba ule alijifunza kwa kuwatazama watu na kuwapenda.

Kugeuza wimbo ni kazi gani? Hapo ndipo ninapotaka vijana wanisikilize.

Nilipokuwa shule ya upili, tuligeuza maneno ya wimbo wa kwaya. Palipotajwa mbingu sisi tukaweka maharagwe ya bwenini. Tuliona tumevumbua dunia. Mwalimu wa kwaya akatusikia kupitia dirishani. Nikajua leo ni kiboko. Hakunichapa. Alinisimamisha mbele ya kwaya yote akasema, uimbe kwanza ule wa kweli, beti zote, sauti ya tatu. Nilifika ubeti wa pili nikakwama. Akaniambia, "Hujui wimbo, utaubezaje?" Nikarudi kukaa. Afadhali kiboko.

Sikuwaelewa Homer na Jethro mpaka nilipokumbuka swali hilo. Sikilizeni nyimbo zao kwa makini, acha maneno kando, sikiliza mikono. Gitaa la Homer linagonga mapigo manne bila kukosa, kila pigo kodi mpya, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Mandolini ya Jethro haichezi kishamba hata kidogo. Inapita katikati ya kodi za jazi kama samaki anayejua mwamba ulipo. Mdomo unajifanya mjinga, vidole vimesoma. Kichekesho kimekaa pale, kati ya mdomo na vidole.

Na maneno? Nyinyi mnaojua utenzi mtaelewa upesi. Wimbo una mizani yake na vina vyake. Anayegeuza haruhusiwi kuvunja mizani. Anakuacha usikie mwanzo unaoujua, sikio linatulia, linaanza kuimba pamoja naye, halafu kwenye kina, palepale ulipotegemea neno la asali, anakuwekea soksi chafu. Mizani ikipungua au ikizidi, sikio linashtuka mapema na kicheko kinaharibika.

Mwaka 1953 Patti Page aliimba wimbo wa mtoto wa mbwa mzuri aliye kwenye dirisha la duka, na bei yake ni ngapi. Ulikuwa wimbo mtamu, mtamu hadi meno yanauma. Ukakaa namba moja Marekani kwa wiki 8. Mwaka huohuo Homer na Jethro wakatoa wao. Dirisha ni lilelile, swali la bei ni lilelile, ila mbwa amebadilika: ni mbwa wa kuwindia wa mashambani. Ukafika namba 2 kwenye chati ya kantri. Fikirini. Watu wale wa milimani walikuwa na mbwa kila nyumba. Kwa nani duniani mbwa ni kitu cha kuulizia bei dirishani? Sasa kati ya wa mjini na wa milimani, ni nani anayechekwa?

Lakini ule mkubwa kuliko yote ulikuja mwaka 1959, na una safari ndefu nyuma yake.

Tarehe 8 Januari 1815 jeshi la Andrew Jackson liliwashinda Waingereza karibu na New Orleans. Wapiga fidla wakatunga wimbo usio na maneno, ukaitwa kwa tarehe hiyo, ukapigwa dansini miaka na miaka. Mwalimu mmoja wa Arkansas, Jimmy Driftwood, akaona wanafunzi wake hawashiki historia. Akafanya nini? Akaichukua tuni ile ya fidla akaitia maneno ya vita, watoto wakaimba somo lao. Walimu mliopo hapa, mnasikia? Wimbo ukatoka darasani ukafika Nashville. Mwaka 1959 Johnny Horton akaurekodi, ukawa namba moja Marekani kwa wiki 6.

Ndipo wakaja ndugu zetu wawili. Vita wakaviacha, wakaingiza vijana wa skauti walio kambini, wamebeba chakula, wanatembea msituni kwa ushujaa mkubwa, mpaka wanaposikia sauti za skauti wa kike. Kambi wakaiita Kookamonga. Ngoma ni ileile ya jeshi, mwendo ni uleule wa vita, na mashujaa ni watoto waliotumwa na mama zao wakajifunze mambo ya asili. Ukaingia hadi chati kubwa ya nchi nzima, ukafika namba 14.

Tuzo za Grammy za mwaka huo, ambazo zilikuwa za pili tu tangu zianzishwe, Driftwood alipata tuzo ya wimbo bora wa mwaka. Horton akapata ya kantri na westani. Na Homer na Jethro wakapata ya uchekeshaji wa muziki. Tuzo tatu kutoka tuni moja ya fidla! Anayesema wimbo ukigeuzwa unaharibika, mwambieni hivyo.

Nina hadithi moja nyingine, na hii siwezi kuiacha hata mwenyekiti akitazama saa. Mwaka 1947 Red Ingle, mchekeshaji aliyewahi kupigia bendi ya mzaha ya Spike Jones, alikuwa akirekodi wimbo wa mapenzi uitwao Temptation, ule ambao Bing Crosby aliuimba kwenye sinema mwaka 1933. Ingle aliugeuza uwe wa kimilimani. Mwimbaji wa kike akawa hawezi kuimba siku hiyo. Nafasi ikachukuliwa na Jo Stafford. Mnamjua Jo Stafford? Sauti safi kama maji ya chujio, hakosei noti hata ukimwamsha usiku wa manane. Aliimba kwa lafudhi nzito ya milimani, na kwenye lebo wakamwandika Cinderella G. Stump. Ukawa namba moja nchi nzima, watu hawajui ni yeye. Na Stafford alikuwa amekubali malipo ya kawaida ya siku tu, mirabaha akaiacha. (Kicheko.) Wasanii wetu wanaosaini mikataba bila kusoma, nawatazama.

Inayonipendeza zaidi ni hii. Jo Stafford alizaliwa California, lakini wazazi wake walitoka Tennessee, milimani. Lafudhi ile hakuikopa mbali.

Sasa ruhusa. Wimbo ni mali ya mtu. Kupiga tena wimbo wa mwingine kama ulivyo, sheria ya Marekani ina njia yake nyepesi: unalipa, unapiga. Lakini ukigusa maneno, kwa kawaida lazima umwombe mwenyewe. Mwaka 1949 Homer na Jethro walitaka kugeuza ule wimbo wa majibizano ya mwanamume na mwanamke, nje kuna baridi, usiondoke. Mtunzi wake, Frank Loesser, alikuwa ameutunga mwaka 1944 aimbe na mkewe kwenye karamu za nyumbani kwao. Loesser akakubali, kwa sharti moja: lebo iandikwe kwamba wanamwomba radhi Frank Loesser. Wakaandika. Kwangu hiyo ndiyo sehemu ya kuchekesha kuliko zote. Na yule dada aliyeimba nao alikuwa June Carter, binti wa miaka 20 hivi wakati huo, ambaye baadaye mlimjua kama mke wa Johnny Cash. Wimbo ukaingia kumi bora za kantri.

Mambo ya mahakama nitayapita haraka. Mwaka 1994 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliamua kesi ya kundi la rapu la 2 Live Crew, walioubeza wimbo wa Roy Orbison. Waliowashtaki walikuwa Acuff-Rose, wachapishaji wa muziki wa Nashville. Majaji wote walikubaliana kwamba kubeza wimbo kunaweza kuwa matumizi halali hata kama unauza. Homer na Jethro walikuwa wamekwisha kuomba radhi zao miaka 45 kabla.

Je, kila walichofanya kinachekesha leo? La. Lazima niseme ukweli, akina mama mko hapa. Nyimbo nyingi zao ni za mke mbaya wa sura, mke mnene, mke mkali. Wimbo mmoja unacheka, wa tatu umechoka, wa sita unataka kumwuliza huyu bwana kama amejitazama kwenye kioo. Vijana wangu nyumbani walivumilia nyimbo mbili wakarudi kwenye simu zao, na siwalaumu.

Na kulikuwa na deni jingine la kuvaa koti la mshamba: halivuliki kirahisi. Miaka ya sitini walitangaza corn flakes, yale mahindi ya kifungua kinywa ya Kellogg's, kwenye televisheni, na utani wenyewe ulikuwa kwamba Kiingereza kinaita mahindi na kichekesho cha kishamba kwa neno moja. Pesa zilikuwa nzuri. Lakini mwaka 1962 walitoa albamu isiyo na neno hata moja, ala tupu, jazi tupu, wakaiita jina lenye maana ya kupiga bila mzaha. Wapigaji waliipenda. Wanunuzi walitaka ile ya mbwa dirishani. Watu wawili waliokuwa miongoni mwa mikono bora ya nchi yao, na umma unasubiri waseme kitu cha kijinga. Mmeshawahi kumwona mchekeshaji wetu akijaribu kuzungumza jambo zito msibani, watu wanaanza kucheka kabla hajafungua mdomo? Ni hivyo.

Homer alikufa Agosti 1971, kwa moyo, umri wake miaka 51. Walikuwa pamoja tangu ujana wao, wakatenganishwa na Vita vya Pili vya Dunia tu. Jethro alinyamaza, halafu akarudi bila mzaha mwingi. Alizunguka akipiga pamoja na mwimbaji Steve Goodman wa Chicago, na nyumbani kwake Evanston akawa anafundisha mandolini. Wanafunzi walioingia mlangoni pale hawakuja kuchekeshwa. Walikuja kuuliza, Mzee, kodi ile unaishikaje? Akafa mwaka 1989. Mwaka 2001 wote wawili wakaingizwa katika jumba la heshima la muziki wa kantri, Nashville, ambako Chet na Jim Reeves walikuwa wamekwisha kuingia.

Mwenyekiti anatazama saa tena, naye ana haki.

Sasa fundi wa mitambo, ukiwa tayari. Tutapiga nyimbo mbili. Tunaanza na wa Johnny Horton, wa vita vyenyewe, ni dakika mbili na nusu tu, wazee wausikilize na vijana waujue. Halafu ufuate wa kambi ya Kookamonga. Yule mwanafunzi wa kwaya aliyekaa pale nyuma anayeanza kucheka sasa hivi, ngoja kwanza. Hatujafika huko. Fundi, weka.